Ndege Isiyo na Usukani

Jumatatu, 2 Machi

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Nusu ya mwanzo imejaa viuno, vifua na mabega ya watu wa mtaa huu. Nusu ya mwisho ilikuwa tupu, nami nimeichukua. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiongea peke yangu humu ndani ya chumba cha cherehani na hakuna aliyenisumbua. Sasa nikisema neno, kuna mtu anajibu. Kwa hiyo naandika.

Mtu mwenyewe ni mume wangu. Mtaa mzima unamwita Dereva, hata mimi, kwa sababu ameendesha basi la abiria miaka thelathini na mmoja. Wiki tatu zilizopita alistaafu. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho, ameoga, amechana nywele, na hana pa kwenda. Basi anakuja kukaa kwenye kiti cha wateja na kunitazama nikishona. Leo nilipokuwa nazungusha kola ya shati akaniambia, "Punguza mwendo kwenye kona, Fundi." Nimeishi naye miaka thelathini na sita na sikuwahi kujua kwamba anapumua kwa sauti namna hii.

Nikiri hapa, maana kwingine siwezi. Jana alipokwenda kunyoa nilimpigia simu shemeji, mdogo wake, mwenye malori huko mbali, safari ya siku mbili. Nikamwambia, "Shemeji, si msimamizi wako anaondoka mwisho wa Aprili? Mchukue kaka yako. Lakini liwe wazo lako, mimi sikusema kitu." Akacheka, akakubali. Atakuwa anarudi kila baada ya miezi mitatu kunisalimia, na mimi nitapata chumba changu. Sijisikii mwovu hata kidogo. Tukikaa hivi mpaka mvua ziishe, mmoja wetu atamkaba mwenzake, na mimi ndiye mwenye mkasi.

Jumatano, 4 Machi

Shemeji amepiga kama tulivyopatana. Anataka jibu kabla mwezi wa nne haujaisha. Dereva akamwambia, "Nitafikiri." Amefikiri siku nzima kwenye kiti cha wateja.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Bado anafikiri.

Jumapili, 8 Machi

Wenzake wa gereji walimpa zawadi ya kuagana, ndege ya kurusha kwa mkono. Imetengenezwa kwa povu jeupe gumu, lile wanalofungashia televisheni. Mabawa kutoka ncha hadi ncha ni mita moja na sentimita nne. Nimepima, siwezi kujizuia. Haina injini wala waya. Unaitupa, inaelea, inatua inapotaka yenyewe. Nadhani walitaka kumchekesha.

Leo mvua ilipokatika akaenda nayo kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba, nami nikamfuata kwa sababu nilikuwa na nguo za kuanua. Akairusha. Ikaenda vizuri, nyoofu, nikasema kumbe ni kitu kizuri. Halafu bila kuulizwa na mtu ikakata kona na kutua juu ya paa la fundi viatu, jirani yetu. Fundi viatu akatoka na sindano yake mkononi, akatazama paa, akamtazama Dereva, akasema, "Mzee, kituo chako siku hizi ni hapa?"

Nilidhani Dereva atacheka. Wapi. Alisimama mikono kiunoni kama mtu aliyetukanwa. "Chombo kisicho na usukani si chombo," akasema. "Ni ajali inayotafuta mahali pa kutokea."

Jumatano, 11 Machi

Amehama kiti cha wateja. Yuko kwa fundi simu pale kona, tangu asubuhi. Chumba kimetulia na nimemaliza magauni mawili. Mungu awape wote wawili afya njema.

Alhamisi, 12 Machi

Furaha ya maskini haidumu. Amerudi na kifurushi, na amechukua nusu ya meza yangu ya kukatia.

Amenieleza, na nilielewa kuliko nilivyotaka. Fundi simu amempatia rimoti yenye vijiti viwili, kisanduku kidogo cha kupokea mawimbi chenye ukubwa wa kiberiti, betri, na vimota viwili vya ukubwa wa kidole gumba ambavyo havizunguki, vinasukuma na kuvuta tu. Kimoja kitavuta usukani wa mkiani upande huu na upande huu. Kingine kitainua na kushusha ubao mdogo uliolala mkiani, ule wa kuifanya ipande au ishuke. "Injini haihitaji," akasema. "Upepo utaibeba. Mimi nataka kuiongoza tu." Nikamuuliza amemjibu nini mdogo wake. Akasema kwanza amalize hii.

Jumamosi, 14 Machi

Fundi viatu amemwazima gundi yake, ile ya kubandikia soli, gundi ambayo ikishika haiachii. Dereva akachimba vishimo tumboni mwa ndege, akapaka, akaweka vimota vyake, akatoka kunawa. Aliporudi, vishimo vilikuwa mapango. Ile gundi inakula povu. Vimota vimezama mpaka vinachungulia upande wa pili.

Fundi viatu alikuja kuangalia, akatikisa kichwa kwa majonzi. "Kwenye ngozi haifanyi hivi," akasema.

Jumapili, 15 Machi

Ameziba mapango. Sasa anatumia gundi nyeupe ya mbao. Mvua.

Alhamisi, 19 Machi

Leo nimegombana naye na sijutii. Labda najuta kidogo.

Nilikuwa na joho la wakili, jeusi, la kuchukuliwa saa sita. Lilikuwa limeshapigwa pasi, limetundikwa mlangoni. Nilikwenda sokoni kununua nyuzi. Kurudi, nakuta Dereva amepiga msasa lile povu kujaza alipoharibu, na vumbi jeupe limeruka chumba kizima. Vumbi hilo linashika nguo lenyewe. Ukilipangusa linahama tu, linatoka kwenye bega linakwenda kwenye mkono. Na wakili yuko kwenye kiti cha wateja, anatazama joho lake.

"Mama," akaniuliza taratibu, "hili nitavaa mahakamani au nitapikia?"

Tulilisafisha watatu, kwa kitambaa kibichi, nukta kwa nukta. Wakili alipoondoka nikafungua kinywa na yakatoka yote, ya meza, ya kupumua, ya kuniambia nipunguze mwendo kwenye kona. Nikamwambia miaka yote hii chumba hiki kimekuwa changu, na yeye amekuja kama abiria asiye na nauli na amekaa kiti cha mbele. Akakusanya vitu vyake, akahamia barazani kwenye mvua ya kurushwa na upepo. Kabla ya kufunga mlango akasema, "Basi labda niende kwa mdogo wangu. Naona anahitaji mtu."

Hilo ndilo nililolitaka. Nilipaswa kufurahi. Nimeshona zipu ndani nje mara mbili.

Ijumaa, 20 Machi

Yuko barazani. Chumba ni kimya kabisa. Kazi haiendi.

Jumapili, 22 Machi

Amebisha hodi kwenye chumba changu mwenyewe kama mteja. "Fundi, nina nguo ya kukata," akasema. Alikuwa ameshika mkia wa ndege. Kinachotakiwa ni kukata kipande cha nyuma cha mkia kisha kukirudisha palepale kwa bawaba, kiweze kucheza. Cha kwanza amekikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni na kimekuwa kama kimetafunwa. Akataka nimkatie kingine kwenye povu la akiba.

Nikachukua chaki, rula na wembe. Nikapima, nikachora, nikakata mara moja bila kusita. Kazi safi. Akakipeleka mahali pake, kikagoma kuingia. Akakigeuza, kikagoma. Tukapima tena. Kimezidi sentimita moja na nusu kila upande, sawasawa, pande zote nne.

Nikaduwaa. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. "Fundi," akasema, "umeacha nafasi ya mshono."

Nilikuwa nimeacha nafasi ya mshono. Miaka arobaini mkono wangu haujawahi kukata kitu bila kuacha nafasi ya mshono, na sasa nimeiachia ndege. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alicheka akiwa ameegemea mlango, machozi yanamtoka, na fundi viatu akapiga ukuta kuuliza kuna nini. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi amechoka. Kicheko tulikuwa tunahadithiana tu, kimeshapoa.

Nimemwambia arudi mezani. Povu asipige msasa ndani.

Ijumaa, 27 Machi

Bawaba tumetengeneza kwa utepe wa bitana ya koti, umebandikwa huku na huku. Unakunjika vizuri kuliko plastiki ya fundi simu, na nilimwambia fundi simu hivyo. Fito za kusukumia usukani zimetoka kwenye mwavuli uliokufa.

Tatizo la leo lilikuwa uzito. Ndege inatakiwa ikae sawa ukiibeba kwa vidole viwili chini ya mabawa. Yetu ilikuwa inakaa kitako. Vimota na fito vimelemea mkia, na betri hata ukiisogeza hadi puani haitoshi. Dereva akataka kufunga msumari. Nikamwambia angoje. Nina vile vyuma vidogo bapa ninavyoshonea ndani ya pindo la mapazia ili yasipepee. Kimoja, kidogo. Viwili, bado. Cha tatu nilipokibandika puani ndege ikatulia vidoleni mwake, ikalala sawa. Akaiangalia muda mrefu. "Wewe ungekuwa gereji kwetu," akasema, "yale mabasi yasingekuwa yanayumba." Sijapata sifa kama hiyo kwa mtu yeyote, na nimeshona nguo za maharusi.

Jumapili, 29 Machi

Imeruka kwa pumzi nne. Kisha akasukuma kijiti kushoto, ikaenda kulia. Akasukuma kushoto zaidi, ikaenda kulia zaidi, ikapiga goli, mwamba wa juu. Kimota kimoja kilikuwa kimefungwa kinyume. Miaka thelathini na mmoja barabarani bila mkwaruzo, ajali ya kwanza ameipata akiwa amesimama.

Pua imekatika. Vyuma vyangu vizima.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua kubwa. Gundi haikauki.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua siku ya tano. Tulikaa barazani na chai, mimi napiga vifungo, yeye ananyoosha fito. Nikasema, kwa kusema tu, kwamba chumba changu kina giza siku za mvua kwa sababu siwezi kufungua dirisha la barabarani. Akasema, "Ndiyo, siku za mvua unafungua la uani. Siku nyingine unafungua la barabarani saa nne na dakika kumi. Saa saba unakung'uta kitambaa cha meza. Saa tisa unasimama dirishani unajinyoosha mgongo, mkono mmoja kiunoni."

Nikamuuliza amejuaje.

"Basi langu lilikuwa linapita hapo juu mara nane kwa siku," akasema. "Pale kwenye kona lazima upunguze mwendo. Nilikuwa naangalia."

Miaka yote hiyo mimi nilikuwa na hakika kwamba mchana sionwi na mtu. Nikamuuliza mbona hakupiga honi hata siku moja. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hairuhusiwi kupiga honi penye makazi ya watu," akasema.

Nimekosea kifungo, nimekiweka upande usio wake. Nimeacha hivyohivyo mpaka kesho.

Jumapili, 12 Aprili

Jua. Uwanja una madimbwi lakini upepo mzuri.

Amerusha mara sita. Ya sita ilikaa hewani dakika nzima, lakini kwa taabu. Anaendesha ndege kama basi. Anakata kona mapema na kwa upana, anashikilia kijiti mpaka kona iishe, na ndege inajikunja na kushuka kwa ubavu. Ikiwa inaondoka kwake, afadhali. Ikigeuka na kuja usoni pake, kushoto kwake kumekuwa kulia kwa ndege, anapotea kabisa na kuanza kuinama yeye mwenyewe, huku na huku, kama kwamba itamfuata.

"Unaivuta," nikamwambia. "Kitambaa hakivutwi. Unakigusa tu, cherehani inakipeleka yenyewe."

"Haya, kiguse," akasema, akanipa rimoti.

Sikuitaka. Lakini ilikuwa mkononi na ndege imesharushwa. Nikagusa kidogo, ikaitikia. Nikaachia, ikaendelea. Nikagusa tena. Ilipogeuka kuja kwetu niliona bawa moja linainama, nikasukuma kijiti upande uleule wa bawa linaloinama, kama kulitilia mkono wa kulishika lisianguke, na likainuka. Nikamwambia hiyo ndiyo siri, asifikirie kushoto na kulia, amsaidie anayeanguka. Nikaizungusha uwanja mara mbili na kuishusha kwenye nyasi karibu na miguu yangu.

Nilimtazama nikidhani amenuna. Mwanamume aliyetafuta usukani mwezi mzima, kisha mkewe anaushika mara moja na kuuweza. Alikuwa anachekelea kama vile ndiye aliyenizaa. Alimwita fundi viatu atoke aone, akamwita na mteja wa fundi viatu, aliyekuja na kiatu kimoja mguuni. "Mke wangu huyo," alikuwa anasema. "Mara ya kwanza hiyo. Mara ya kwanza."

Jumamosi, 18 Aprili

Shemeji amepiga, anabana. Ana wiki mbili tu. Nilimsikia Dereva akisema, "Nitakujibu Jumapili ijayo, tarehe ishirini na sita. Bila shaka." Alipokata simu akaja mlangoni, ameshika suruali mbili. "Zipunguzie pindo, Fundi," akasema. "Kama nikienda, nionekane mtu."

Nilizipokea. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, na kinywa ninacho, hakijawahi kunikosa. Lakini ningeanzia wapi? Mimi ndiye niliyemtafutia njia ya kuondoka. Nikisema usiende, atauliza kwani nani alitaka aende, na mimi si mtu wa kudanganya nikiwa nimetazamwa. Nikasema, "Acha hapo."

Jumanne, 21 Aprili

Suruali ya kwanza imekwisha. Kazi ya nusu saa.

Jumatano, 22 Aprili

Nimefumua pindo la suruali ya kwanza. Halikuwa limepinda. Nimelifumua tu.

Ijumaa, 24 Aprili

Ameuliza suruali zimefika wapi. Nimesema nyuzi za rangi ile zimekwisha. Dukani zimejaa tele. Amesema haya, hakuna haraka, akaenda kubadilisha betri ya rimoti. Shanta lake limetoka juu ya kabati, liko kitandani, limefunguliwa mdomo. Kila nikipita chumbani naliona. Sitaki aondoke. Nimeliandika ili angalau liwe limesemwa mahali.

Jumapili, 26 Aprili

Tulikwenda uwanjani baada ya chai, wawili tu. Mvua imekatika siku tatu na ardhi inatoa joto. Akanipa simu yake nimshikie. Akarusha mwenyewe, na leo hakuvuta. Aligusa na kuachia, aligusa na kuachia. Mwisho wa uwanja, juu ya bati za gereji ya baiskeli, ndege ikakuta hewa ya moto inayopanda, ikaanza kupanda nayo. Hakufanya kitu, aliizungusha tu mlemle. Ikapita urefu wa nguzo za taa, ikapita miti, ikawa ndogo, nyeupe, haina sauti kabisa. Dereva alikuwa amefungua mdomo. Sijawahi kumwona akifanya kazi. Hilo ndilo nililoliwaza: miaka yote hiyo sikuwahi kupanda basi lake hata mara moja.

Simu ikaita mkononi mwangu. Shemeji.

"Ipokee," Dereva akasema bila kushusha macho. "Mimi nina abiria."

Nikapokea. Shemeji hakusalimia sana. "Shemeji, kaka anakuja? Nimeshampangia chumba."

"Haji," nikasema.

"Haji? Si wewe mwenyewe uliyeniambia nimchukue?"

"Ni mimi. Na ni mimi ninayekwambia umwache. Nisamehe, shemeji, tafuta mtu mwingine. Huyu simtoi." Nikakata kabla hajanihoji.

Dereva aliishusha ndege polepole, duara baada ya duara, akaitua. Hakwenda kuiokota. Akaniuliza, "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia huendi." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia majini nikaona niogelee. "Mimi ndiye niliyempigia, mwezi wa tatu mwanzoni. Nilimwomba akuchukue. Nilikuwa nimekuchoka."

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku aliyopiga. Mdogo wangu ana malori saba na hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe."

"Na ukanyamaza mwezi mzima na zaidi."

"Ungetaka niende, ningekwenda. Nyumba ni yako kuliko yangu, wewe ndiye uliyekaa humo." Alizima rimoti, akaifuta jasho kwa mkono wa shati. "Ila suruali mbili, siku nane, Fundi. Wewe. Nikaanza kupata matumaini."

Nikasema, "Basi, mambo yamekwisha. Nimeshamwambia mdogo wako."

"Umemwambia yeye," akasema. "Mimi hujaniambia."

Nikasimama pale kwenye nyasi mbichi. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila alfajiri, nilimpa chupa ya chai mlangoni na kumwambia maneno yaleyale: nenda, utachelewa. Nilisema hivyo nikiwa na homa. Nilisema hivyo asubuhi ya kurudi kazini baada ya kumzika mama yake, na aligeuka mara mbili njiani. Nikatafuta neno jingine, nikakuta sijawahi kumwambia hata siku moja.

"Baki," nikasema.

Akasema upepo unavuma, hajasikia vizuri. Alikuwa amesikia. Nikarudia.